Nilivyostaafu Ukalimani Kwenye Bustani ya Misheni

Nilianza kazi nikiwa na miaka tisa, katika kliniki moja hapa Weston, ugenini, na sikuulizwa kama naitaka. Mama alinishika bega, akanisukuma hadi dirisha la mapokezi. "Sifa, mwambie nina miadi." Mimi ni mtu wa aibu, hata darasani nikiitwa jina natazama viatu. Nikasema kwa sauti ya chini. Yule mama wa mapokezi akamgeukia mwenzake, akamwambia kwa Kiingereza kwamba hawa watu wamekaa hapa miaka yote na bado wanaleta watoto wawasemee.

"Amesema nini?" Mama akauliza.

"Amesema karibu."

Mama akamshukuru, mikono miwili kifuani.

Hapo ndipo nilipojifunza kile nilichokuja kukiita kupunguza makali: kuliacha neno baya lifie kwako ili lisimfikie mtu wako. Nawaandikia ninyi wadogo wa jengo letu mnaoanza kutumwa sasa, maana ukalimani wa nyumbani hauna shule. Una sheria moja tu, usiongeze wala usipunguze, na kila mtoto ninayemjua ameivunja.

Kutoka kliniki nilihamishiwa ofisi ya nyumba, kwa karani aliyezungumza zaidi na kompyuta kuliko na sisi. Kisha shuleni kwangu mwenyewe, siku ya wazazi, nikatafsiri habari zangu. Mwalimu wa hesabu alisema nakaa darasani kama kiti. Nikamwambia Mama, "Anasema nina utulivu." Mama alitembea na sifa hiyo wiki nzima, akawasimulia mpaka watu wa kanisani.

Bosi wangu wa mwisho alikuwa Babu, baba yake Mama, aliyetufuata kutoka Kivu nilipofikisha miaka kumi na nne. Huyo alikuwa bosi mgumu. Mama alitaka yaishe haraka. Babu alitaka neno kwa neno. "Nimezeeka, sijarudi utoto," aliniambia mara nyingi kwenye basi. "Nipe maneno yangu yote. Weye usinikatie."

Kiangazi kilichopita tulikwenda California, mimi na yeye, kwa Mama Mdogo. Siku ya mwisho, Mama Mdogo akatupeleka kuona misheni ya zamani ya Wahispania. Kuta nene nyeupe, vigae vyekundu, kengele, bustani. Babu hakuitazama kengele. Alikwenda moja kwa moja mahali chokaa ilipobanduka, akagusa matofali ya udongo.

"Haya hayakuchomwa. Yamekaushwa juani, ya kalibu," akasema. Kalibu ni kile kisanduku cha mbao kisicho na kitako, unachojaza udongo na kuukandamiza upate tofali. "Tazama. Alama ya dole gumba la mtu."

Kweli ilikuwepo, ya dole dogo kuliko langu.

Palepale, mkono ungali ukutani, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Utotoni, yeye na kaka yake Mateso walifyatua matofali ya misheni ya mapadri kwao. Siku moja kingo za shimo walilochimba udongo zikamwangukia Mateso, akafa. Jengo lilipokamilika, ukutani pakaandikwa jina la padri aliyejenga. La Mateso halikuandikwa popote, hata kaburini.

Kisha akamnyooshea kidole mtembezaji, mzungu mmoja mzee aliyekuwa akituzungusha. Kundi lote la watalii likageuka; Mama Mdogo alikuwa mbali, kwenye simu.

"Muulize. Waliofyatua haya walilazimishwa? Waliokufa wamelazwa wapi?"

Macho yote yakaja kwangu. Nikaisikia sauti yangu ikisema kwa Kiingereza, "Babu yangu anasema ni pazuri sana."

Mtembezaji akafurahi, akanyoosha mkono. Akasema basi asikose kuona waridi, nyuma ya kanisa, ndiyo fahari yao.

"Amesema wapi?" Babu akauliza.

Bado ningeweza kurekebisha.

"Kule kwenye maua," nikasema.

Babu akavua kofia, akanipa niishike. Alikwenda akapiga magoti katikati ya waridi, akamwaga maji ya chupa yake ardhini, akasali kwa sauti. Kwa kuwa hakuyajua majina ya wale watu, aliwaita wote Mateso. Watalii wakampiga picha. Mama Mdogo akatufikia, akalia. Mimi nikashika kofia.

Tulipofika lango la kutokea tukakuta ramani ya kuchorwa. Babu hasomi Kiingereza, lakini msalaba anaujua.

"Huu nao ni nini, nyuma ya maegesho?"

Nikasoma. Makaburi ya wenyeji walioijenga misheni, yasiyo na majina. Mlinzi alishaanza kufunga, na ndege yetu ilikuwa ya alfajiri.

"Na kule kwenye maua, je?"

Nikamweleza yote, hadi lile la pazuri sana. Akaichukua kofia yake mkononi mwangu, akaingia garini.

"Kwa hiyo nimeyaombea maua," akasema. "Mapadri walimficha Mateso mara ya kwanza. Ya pili umemficha weye."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, nikiwa na miaka kumi na sita, bila sherehe. Sasa Babu akienda kliniki anaomba mkalimani wa simu, mgeni kabisa, sauti tu inayotoka kwenye spika. Mimi namfungulia mlango, nabaki kwenye korido. Huko koridoni nimepata muda wa kufikiri. Miaka yote nilijisifu kwamba nawalinda wazee wangu. Labda siku ile ya kwanza, kwa Mama, ndiyo. Baada ya hapo, niliyekuwa nikimlinda zaidi ni mimi, nisitazamwe.

Jumanne hii walimpa majibu ya vipimo. Mlango ni mzito, sikusikia chochote. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alifunga vifungo vya koti kimoja kimoja.

"Babu, daktari amesema nini?"

Akaniangalia machoni, mara ya kwanza tangu California.

"Amesema ni pazuri sana," akajibu, akatangulia kituo cha basi.