Muuguzi wa Migato Aliyeitwa Mnyonya Damu

Saa mbili asubuhi, muuguzi Apolonia Mayige anavuta kiti cha plastiki na kukiweka ubavuni mwa kitanda. Aliyelala ni mama wa makamo aliyepungukiwa damu baada ya malaria kali. Mfuko wa damu umeshatundikwa, na matone yanaanza kushuka polepole.

Apolonia anamshika mkono na kusikiliza mapigo. Anamuuliza kama anasikia baridi, kama kiuno kinauma, kama kifua kinabana. Mama anatikisa kichwa. Nje ya dirisha wamesimama ndugu zake, wanamtazama muuguzi zaidi kuliko wanavyomtazama mgonjwa wao.

"Mwanzo ndio wa kuogopa," Apolonia anasema kwa sauti ya chini. "Damu ikikataa, mwili husema mapema. Lazima awepo mtu wa kuusikia."

Ana miaka 41, mzaliwa wa Lalago, wilayani Maswa. Huu ni mwaka wake wa sita katika kituo cha afya kilichopo Kata ya Migato, wilayani Itilima. Wodi hii ina wauguzi wawili tu, na mwenzake akienda likizo hubaki peke yake. Hilo amelizoea. Asichokizoea ni ukimya wa nyumbani kwake.

Anaishi nyumba ya watumishi, nyuma ya kituo. Mumewe alifariki kabla hajahamia huku. Jioni husonga ugali wa mtu mmoja, akala, akaosha sufuria, na hakuna anayebisha hodi. Sokoni wauzaji humpimia nyanya bila kumwangalia usoni. Akina mama huwavuta watoto wao kando anapopita.

Wanamwita mnyonya damu.

Jina hilo lilianza mwaka juzi, wakati wa mavuno ya pamba. Salu, mkulima wa kijiji cha jirani, alijifungua mtoto wake wa nne na kutokwa na damu nyingi. Apolonia aliwaomba ndugu wajitolee damu. Walikataa, wakisema ikishatolewa huenda kuuzwa. Ikabidi damu iletwe kutoka hospitali ya Bariadi. Ilipimwa, ikaonekana inalingana na ya mgonjwa, ikatundikwa.

Haikuchukua muda, Salu akaanza kutetemeka.

"Aliniambia, 'Sista, kiuno kinakatika.' Nikaifunga damu palepale," anakumbuka Apolonia.

Alibadilisha mpira wote uliopitisha damu, akaweka dripu ya maji na kumwita daktari. Salu alikuwa amewekewa mpira wa mkojo, na mkojo uliokuwa ukishuka ulikuwa mweusi kama kahawa. Apolonia akajua kwamba figo ziko hatarini. Akapanda naye gari la wagonjwa hadi Bariadi, akiuangalia ule mkojo njia nzima, akiomba uendelee kutoka.

Uliendelea. Madaktari walieleza baadaye kwamba mimba za nyuma ziliuachia mwili wa Salu kinga iliyoikataa damu ile, kinga ambayo kipimo cha kawaida hakiioni. Alitafutiwa damu nyingine, figo zikapona, akarudi nyumbani na mtoto wake.

Lakini baba mkwe wake, mzee Luhende, alishaona mkojo ule mweusi. Mnadani, mbele ya wanunuzi wa ng'ombe, alisema nesi wa Migato amemtilia mkwewe damu ya maiti.

Apolonia alisimama kwenye mkutano wa kijiji akaeleza. Watu walimsikiliza hadi mwisho, kisha wakatawanyika. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyempa mkono.

Binti wa Apolonia, Specioza, alikuwa darasa la tatu. Wenzake waliacha kucheza naye, na mmoja alimuuliza kama nyumbani kwao hunywa damu kwa kikombe. Apolonia akampeleka kwa bibi yake Lalago.

"Nilimfungia begi mwenyewe. Yeye hakulia. Mimi nililia niliporudi na kukuta sahani yake kabatini," anasema.

Machi mwaka huu, mzee Luhende aliletwa kwa pikipiki, tumbo la chini limevimba. Tezi dume ilikuwa imefunga njia ya mkojo. Aliuliza kama hakuna nesi mwingine. Hakukuwepo; mwenzake Apolonia alikuwa likizo. Akageukia ukutani, akakubali.

Apolonia alimwekea mpira, mkojo ukatoka, na mzee akapumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Wakati akisubiri upasuaji Bariadi, alirudi kituoni na homa kali. Nyumbani alikuwa ameutundika mfuko wa mkojo kwenye mti wa paa, juu ya kitanda, mkojo ukarudi ndani na kuleta maambukizi. Apolonia alimtibu na kumfundisha upya: mfuko ukae chini ya kibofu, mikono ioshwe kwanza, maji anywe ya kutosha.

Siku ya kuruhusiwa, mzee alikaa kitandani muda mrefu bila kunyanyuka.

"Mayu," alimwambia, kwa heshima ambayo Wasukuma humpa mama, "mkwe wangu yuko shambani analima. Nilisema vibaya."

Mwandishi alipomkuta nyumbani kwake, hakukana. "Niliogopa. Mtu mwenye hofu hutafuta wa kumbebesha," alisema. Amerudi mnadani kuwaeleza watu, lakini wachache wamemsikia. "Neno la kwanza lilikwenda kwa pikipiki. Hili la pili linakwenda kwa miguu."

Salu sasa humsalimia Apolonia njiani. Wengine bado hupita upande wa pili.

Wodini, mama wa malaria amelala usingizi, midomo yake imeanza kupata rangi. Apolonia anampima tena joto la mwili, anaridhika, lakini hainuki kitini.

Baada ya mavuno, timu ya kukusanya damu itafika kijijini kutoka Bariadi. Mwaka jana haikupata mtu hata mmoja. Safari hii ameomba vitanda viwekwe nje, uwanjani, watu wote waone.

"Nitalala wa kwanza, waone na yangu inatoka," anasema. "Halafu nitageuza kichwa nione nani amepanda kitanda cha pili."