Asali Midomoni mwa Mungu wa Jikoni

Mama yangu aliomba kama mtu anayeandikisha kesi polisi. Kila jioni, nyumbani kwetu Gilgil, tulishikana mikono kabla ya chakula, naye akamsomea Mungu makosa ya baba moja baada ya jingine. Daktari alikuwa amemkataza baba sukari, lakini baba hangepita kibanda cha stendi bila kunywa soda. "Bwana, leo ameonekana tena," mama angesema, na baba angefumba macho kwa nguvu.

Mwaka huo nyumba yetu ya nyuma ilikuwa na mpangaji Mchina, fundi wa barabara, aliyejifunzia Kiswahili kazini. Jumamosi moja tulimpelekea viazi vya Dundori sote watatu, tukamkuta akipaka asali midomo ya picha ya mzee mwenye ndevu, iliyobandikwa juu ya jiko.

"Huyu mungu ya jikoni, mathe," alisema bila wasiwasi. "Mwaka ikiisha anapanda juu, anaripoti watu ya nyumba. Napaka asali, aseme tamu tu."

Alitueleza kuwa ni mambo ya Utao, dini ya nyanya yake. Mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na nadhani nafasi kama hiyo alikuwa ameingoja tangu abatizwe.

"Kijana wangu, Mungu wetu haletewi ripoti. Anaona yote, hata ya gizani. Na hahongwi."

Mchina aliitikia kwa heshima, akaendelea kupaka. Aliyeguswa na mahubiri siku hiyo alikuwa baba. Sijawahi kumwona akisikiliza Neno vile, na kanisani huwa analala.

Jioni, mikono ikiwa imeshikwa, mama alianza. "Bwana, leo huyu mzee..."

"Anaona yote," baba alisema, macho kayafumba. "Haletewi ripoti."

Nilicheka, nikasingizia kikohozi. Mama alifumbua macho, akaitazama mboga ya sukuma ikipoa sahanini. Niliogopa, maana hajawahi kushindwa kwenye meza yake mwenyewe.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Mungu anajua. Ni wewe nilikuwa nataka usikie. Naogopa utaniacha peke yangu, mzee wangu."

Hakuna aliyecheka tena. Baba alifumbua macho, akamtazama, kisha akayafumba upya na kumkaza mkono.

"Basi mwambie vizuri," alisema. "Leo soda zilikuwa mbili."