Mama alivyokuja kunitazama nikimpenda mwanamke kwenye filamu

Habari za humu wakuu. Miaka yote nimekuwa msomaji tu, leo naandika. Ni ukweli mtupu, chumvi sijatia.

Mimi ni mwanamke, Mrundi, nimekulia kambini Kigoma. Sasa naishi Minto, Sydney, nafanya aged care, kutunza wazee.

Na napenda wanawake. Wenye matusi watangulie, tutaendelea wakishamaliza.

Filamu zetu nyingi nilizotazama, mwanamke wa aina yangu ana kazi mbili: achekwe, au afe kabla haijaisha.

Nikaandika yangu. Dakika kumi na mbili, Kiswahili kitupu, wanawake wawili wanapika Jumapili na wanapendana. Hafi mtu.

Siku mbili kabla ya shooting, dada aliyekuwa aigize akajitoa. Mchungaji wake kasikia. Na camera ni ya kuazima, inarudi Jumatatu.

Ikabidi nicheze mwenyewe. Na nyumbani hakuna aliyejua kuwa napenda wanawake.

Nikapanda treni mpaka Merrylands kwa mama, nikamwambia kila kitu, mpaka tarehe ya kuonyeshwa. Akaendelea kukunja nguo.

Tukarekodi, camera ikarudi. Wiki tatu simu zangu hapokei.

Siku ikafika. Community centre pale Campbelltown, watu kama sitini. Taa zinazimwa tu, namwona mama anaingia na kitenge chake cha kanisani, anakaa safu ya mbele.

Nilitamani ardhi inimeze.

Ilipoisha, mzee mmoja akasimama. "Huu uzungu ndio unawaletea watoto wetu?"

Kabla sijafungua mdomo, mama kainuka.

"Baba, huyu nilimzaa mimi, kambini, na mzungu hakuwepo. Una swali la filamu? Uliza. Huna? Kaa."

Wakuu, vigelegele! Mzee akakaa.

Nje mama akanishika mkono. "Sijaelewa yote bado. Lakini mle ndani ya filamu umecheka. Sijakuona ukicheka hivyo tangu tufike Australia."

Nililia kama mtoto, na wala sikuona aibu.

Nilichojifunza: nilishamhukumu mama kabla hajasema neno. Ukimya wake haukuwa jibu, alikuwa anafikiri.

Mwezi ujao tunaipeleka Melbourne. Mama ameshaomba off kazini.

Nyie wenzangu mnaosoma kimyakimya, mmewahi kujiona kwenye filamu mkiwa hai na mna furaha? Niambieni, hata kwa PM.