Uboho Niliotaka Kumpa Shangazi

Siku ile uani tulikuwa watu watano. Mimi, mkubwa wa nyumba. Mdogo wangu wa kike anayenifuata, aliyekuja kutoka Magomeni na bakuli la tambi. Mdogo wetu wa mwisho, wa kiume, ambaye anafanya kazi katika ofisi moja ya Posta. Mgeni aliyekuja naye, kijana wa shati jeupe, kazi yake kupeleka wagonjwa kutibiwa nje ya nchi. Na shangazi, ambaye ndiye tuliyekuwa tukimzungumzia, amekaa kwenye mkeka katikati yetu, akimenya vitunguu saumu ambavyo hakuna aliyemwomba avimenye.

Shangazi ni dada wa baba yetu. Baba alipofariki, na mama akamfuata kabla ya mwaka kuisha, nilikuwa kidato cha pili. Baada ya arobaini ya mama, wazee wa ukoo walikaa kutugawana: mmoja aende Lindi, mmoja Tanga, mmoja abaki hapa Kariakoo. Shangazi alitoka jikoni mikono ikiwa na unga, akasema watoto hawa hawagawanyiki, akarudi jikoni. Kikao kikaisha. Akatuchukua wote watatu, yeye msichana ambaye hajaolewa, akatulea kwa vitumbua. Mwaka uliofuata niliacha shule kwa uamuzi wangu. Alilia siku mbili, ya tatu akanishika mkono mpaka kwa fundi cherehani mmoja wa Msimbazi. Tangu hapo nashona.

Ugonjwa ulianza kwa mambo ya kuchekesha. Alikwenda sokoni akarudi na nazi, akatoka tena akarudi na nazi, mpaka tukawa na nazi za kulisha harusi. Majirani walisema ni uzee. Shemeji yetu, mume wa mdogo wangu wa kike, alisema tumpeleke kwa mtu wa kumsomea, tukampeleka, akasomewa. Kisha siku moja alionekana Jangwani kando ya barabara, miguu mitupu, akiuliza njia ya kwenda kwenye nyumba iliyobomolewa mimi sijazaliwa. Hospitali wakatuambia ubongo unakufa kidogo kidogo, na hakuna dawa ya kuurudisha.

Baada ya siku ile ya Jangwani niliitoa cherehani yangu kibarazani nikaiingiza ndani, nikaiweka kwenye mlango wa ukumbi. Nyumba yetu ni ile ya zamani, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, mlango mmoja wa mbele. Anayetaka kutoka lazima mimi niinuke, nivute kiti, nisukume meza. Mpangaji wetu, anayeuza makava ya simu, alikuwa akifika hapo anasimama kama askari.

"Fundi, siku hizi nyumba ina mpaka. Nitoe pasipoti?"

Wiki ya kwanza nilicheka.

Shangazi alikuwa akija kila baada ya muda mfupi, kanga mbili, pochi kwapani. "Nifungulie, baba, nimechelewa."

"Unaenda wapi, shangazi?"

"Kwetu."

"Hapa ndipo kwenu."

Aliangalia kuta, dari, kisha mimi, kwa adabu ya mgeni asiyetaka kumwambia mwenyeji kwamba anaongopa. "Haya," akasema, akarudi uani. Sijamaliza mshono mmoja, yuko tena mbele yangu na pochi. Kuna suruali moja niliishona tangu asubuhi mpaka alasiri. Mambo haya yalikuwa yameshadumu miaka miwili. Msibani nilikuwa nafika, natoa mkono, nageuka. Duka la vifungo liko mitaa miwili tu kutoka kwetu, lakini nilikuwa namtuma mpangaji.

Sasa kijana wa shati jeupe alikuwa amefungua kompyuta yake juu ya kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimeshiba, mama."

Alieleza vizuri, sitamwonea. Alisema mwilini kuna seli ambazo bado hazijaamua zitafanya kazi gani, zinaitwa seli shina. "Ni kama kijana aliyemaliza shule hana kazi. Ukimweka popote, anashika." Zinachukuliwa, zinazalishwa maabara, mgonjwa anachomwa sindano, zinapanda kichwani na kushika nafasi za zile zilizokufa.

"Kijana aliyemaliza shule hana kazi ninaye kwangu," mdogo wangu wa kike akasema. "Nimemweka kazi tatu, hajashika hata moja."

Tulicheka. Shangazi naye akacheka kwa sababu sisi tumecheka.

"Lakini nauliza," akaendelea mdogo wangu. "Hizo mpya zikishafika kichwani, zitajuaje kilichokuwemo? Zitatujua sisi ni nani?"

"Dada, sayansi imefika mbali sana."

"Umekula?" shangazi akamuuliza.

"Nimekula, mama, ahsante."

"Hujala wewe. Mtoto wa watu kaja, hamjampa hata chai." Ikabidi anywe chai ambayo hakuitaka, na tambi juu yake.

Nikamuuliza hizo seli zinatoka wapi. Akasema zinatoka kwenye mafuta ya mgonjwa mwenyewe, au kwenye kitovu cha mtoto mchanga, au kwenye uboho, ute ulio ndani ya mfupa wa nyonga. "Hata ndugu wa damu anaweza kutoa," akasema, kisha akageukia picha nyingine.

Mimi sikuendelea na ile picha nyingine. Nilibaki na neno lile. Miaka yote nilikuwa namrudishia shangazi kwa vijiko: uji, vidonge, shuka safi, jibu lilelile kwa swali lilelile, na kila kukicha hesabu inaanza upya kana kwamba jana sikufanya kitu. Sasa kumbe kuna kitu ndani yangu kinachoweza kutolewa mara moja, kwa sindano, kikapelekwa kwake, nami nikainuka kitandani nimemaliza.

"Nitatoa mimi," nikasema.

"Kaka, subiri kwanza tujue gharama," akasema mdogo wetu wa mwisho.

"Gharama mtajua ninyi. Mfupa natoa mimi."

Kijana akatoa fomu. Palikuwa na mstari wa sahihi ya mgonjwa, na chini yake mstari wa ndugu anayemsimamia. Mdogo wetu akaisukuma kwangu pamoja na kalamu. "Shangazi hawezi kutia sahihi. Mkubwa ni wewe. Bila wewe haendi." Nilishika kalamu. Nilisema Alhamisi nina siku ya kumpeleka kliniki, nikitoka huko nitatia. Sikuwa na shaka yoyote, nilitaka tu kumuuliza daktari kama nifunge kula kabla ya kutolewa.

Siku nne zile nilishona huku najipapasa nyonga. Nilikunywa supu ya mifupa asubuhi, niwe na uboho mzuri. Mpangaji aliniuliza kama nimepata mchumba.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Alimwamkia shangazi, akamkalisha, akanisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akaniuliza kama nataka ukweli wote. Nikamwambia ndio ulionileta.

Alisema watafiti wanajaribu kweli jambo hilo, na kwa panya kuna matokeo ya kutia moyo. Kwa binadamu, majaribio bado ni madogo, na mengi kwanza yanaangalia kama halidhuru. Hakuna aliyeonyesha mtu aliyepoteza kumbukumbu kwa ugonjwa huu akarudishiwa kwa njia hiyo. Wanaouza leo wanauza kitu ambacho hakijathibitishwa, na kuna watu waliochomwa sindano hizo wakapata maambukizi, hata uvimbe.

"Basi wasichome wao," nikasema. "Chukueni wangu, mmwekee hapa hapa. Damu yetu ni moja."

"Kaka, uboho wa ndugu unatumika kwa baadhi ya magonjwa ya damu. Kwa ugonjwa huu hatuna mahali pa kuuweka."

"Jaribuni tu."

Shangazi alikuwa anatufuata kwa macho. Akamshika daktari mkono. "Huyu ni kaka yangu. Tangu utoto wetu haombi kitu. Mpe anachotaka, mwanangu."

Daktari akamwambia sawa, mama. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Ukishautoa huo uboho, ulitaka ufanye nini?"

Nilikuwa na jibu, lakini si la kutamka mbele ya shangazi. Nilitaka nitoke. Nilitaka niende kununua vifungo, nirudi nikitaka. Siku zote nne nilidhani nataka apone, na kweli nilitaka, ila chini ya kutaka huko palikuwa na mtu anayetafuta mlango. Ningetia sahihi apelekwe kwa watu nisiowajua, akachomwe kitu wasichokijua, ili mimi niinuke kwenye kile kiti.

Jioni nilimpigia simu mdogo wetu nikamwambia sitatia sahihi.

"Kwa hiyo umeamua aishe hivyo hivyo."

"Nimeamua asijaribiwe kama panya."

"Umezoea kumfungia, kaka. Mtu akizoea mfungwa hamwachii."

Yeye ndiye aliyekuwa kitoto kinachonyonya kidole siku ya kile kikao cha wazee, na anampenda shangazi kuliko anavyoweza kusema. Akaniuliza, sauti imebadilika, "Sasa tumlipe nini?"

"Njoo Jumamosi ukae hapa ukumbini."

"Jumamosi nina kazi."

Jumamosi mvua ilianza alfajiri. Hiyo ndiyo siku ambayo mdogo wangu wa kike huja kumwogesha shangazi. Saa nne akapiga simu: Jangwani pamejaa, barabara imefungwa, hawezi kuvuka. Nilipasha maji, nikaleta beseni ukumbini, nikamkalisha shangazi kwenye kiti changu cha kushonea. Nikamwosha mikono na miguu tu. Mengine niliyaacha, si kazi yangu.

Alikuwa ananitazama utosini. Akaniita jina la baba yangu, kwa kile kifupisho chao cha utotoni ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike.

"Umechelewa," akasema.

Daktari alikuwa ameniambia nisibishane naye. "Mvua, dada."

"Watoto wako wazima wote watatu. Mkubwa mbishi. Kaacha shule, nimemtafutia ufundi."

"Ahsante, dada."

"Sikukuita uje useme ahsante. Nataka uniambie utakuja lini kuwachukua."

Mguu wake ulikuwa mkononi mwangu, ndani ya maji.

"Kuna mtu ananiposa," akasema. "Ana duka la mikeka. Mtu mzuri, haongei sana. Lakini watoto wa mwingine yeye hawataki, kasema wazi. Nimemwambia kaka yangu atarudi. Kasema atanisubiri." Akashusha sauti, kama watoto wako chumba cha pili wanasikia. "Nimechoka, kaka. Kila nikishika pochi nitoke, yule mkubwa ananitazama."

Habari za mtu huyo hatukuwahi kuzisikia, si mimi wala wadogo zangu. Hakuna siku shangazi alitupigia kelele kwamba tumemzuia kitu. Kama ingekuwapo dawa ya kumrudishia kumbukumbu, ingemrudishia pia ule mdomo aliojua kuufunga, nami nisingejua mpaka nazikwa. Nilitamani ningekuwa nimetia sahihi, nisiyajue haya.

"Nipe siku chache," nikasema.

"Siku chache ulisema mwaka jana."

"Safari hii kweli, dada."

Akautoa mguu kwenye beseni, akaufuta mwenyewe kwa ncha ya kanga. Hakuonyesha hasira. Alikuwa anapanga maneno atakayompelekea yule mtu.

"Nimwambie lini?"

Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, kitambaa begani. Nikatafuta siku ya kumtajia, nikakosa.