Moto wa Kuwatuliza Ndege

Umeme ukikatika hapa Butembo, na siku hizi unakatika bila hata haya, majirani wanaofuga ndege huja kwangu. Huyu kasuku wake anapiga mabawa gizani, yule vindege vyake vimejiumiza kwenye waya. Nawaambia wote maneno yale yale. Funika tundu pande tatu, wa nne uache wazi. Weka taa ndogo chini, mbali kidogo, ndege aone aliposimama. Usiingize mkono. Sema naye polepole. Na dirisha lisifungwe lote, hata kama ni baridi. Hapo ndipo wananibishia: baridi hii, mama, na dirisha wazi? Nimechoka kubishana na watu. Kwa nini nasisitiza dirisha sijawahi kumwambia mtu, na nimechoka na hilo pia, basi leo nitasema.

Nilizaliwa Beni, kwenye joto, katika nyumba ya Waislamu wafanyabiashara. Niliolewa Butembo muda mfupi baada ya uhuru. Mume wangu alikuwa Mnande, mtoto wa Wakatoliki, aliyesilimu kwanza kwa ajili ya biashara na baadaye kwa ajili yangu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimtania, naye hakukanusha. Alikuwa na kamyo, lori la mizigo. Alishusha kahawa, akapandisha chumvi, vitenge na samaki wakavu. Wenzake wenye kamyo walikuwa na wanawake kila kituo. Wangu alikuwa na ndege. Kasuku mmoja mwenye mkia mwekundu alimpata Mabalako, na vindege vinne vya kijani alitoka navyo msituni upande wa Kasugho, ndani ya kofia yake. Akirudi safari aliwasalimu wao kwanza, ndipo anitafute mimi jikoni. Nilimwonea wivu kasuku, mimi mwanamke mzima mwenye akili zake.

Tuliishi na mama yake, mjane. Mwanawe kusilimu hakukumeza hata siku moja. Alivaa rozari yake shingoni juu ya nguo, makusudi, ili niione nikimpelekea chai. Aliniita Mutoto ya Beni, kama vile sikuwa na jina. Mchuzi wangu ulikuwa na maji mno, ufagio wangu uliacha vumbi, na mwaka wa pili ulipopita bila mimba, akaanza kuhesabu miezi kwa sauti. Lakini nilipougua malaria, ni yeye aliyelala chini kando ya kitanda changu siku tatu, akinifuta jasho na kunitukana kwamba najifanya mgonjwa ili nisilime.

Umeme tuliupata kwa bahati. Nyuma yetu palikuwa na kiwanda cha kahawa, na mwenye kiwanda, mgeni kutoka mbali, alivuta waya hadi nyumba chache za wafanyabiashara. Mashine yake ya umeme iliwaka saa kumi na mbili jioni na kuzimwa saa tatu. Balbu yetu moja ilining'inia juu ya matundu. Iliwapa ndege mwanga na kijoto kidogo, na kabla ya kuzimwa ilififia mara mbili, nao wakajua ni wakati wa kupanda kijiti na kulala. Mwenye kiwanda alipokimbia, fundi wake aliendelea kuiwasha kwa mafuta yaliyobaki.

Wakati huo tulikuwa tunasikia habari za waasi, kila siku wako karibu zaidi. Mume wangu akasema ana safari moja tu ya Kamango, ataleta bidhaa za mpakani kabla barabara haijafungwa. Asubuhi ya kuondoka alisimama mbele ya matundu. Akaniambia, "Bibi, bindege yangu. Nikirudia, nibikute byote tano."

Hakusema, ujitunze. Hakusema, mtunze mama. Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga, na kwa hasira hiyo nikaapa kwa jina la Mungu: utawakuta watano. Akacheka, akapanda kamyo. Tangu siku hiyo kiapo kile kikanikaa kifuani. Mtoto sikuwa nimempa. Nilijiambia, angalau nitampa ndege zake, na moyo wa kijinga ukaongeza ya kwake: wakiwa hai hawa, na yeye yuko hai.

Barabara ilifungwa wiki ile ile. Mafuta ya mashine yakaisha baada ya siku chache, saa moja ya jioni, balbu ikazimika ghafla bila kufifia. Sijasahau makelele yale. Vile vidogo vilijirusha kwenye waya, manyoya yakaruka, nami nikaingiza mkono kuvishika, nikazidisha balaa. Kimoja kilivunja kucha, damu ikanichafua hadi kiwiko. Kasuku naye alikuwa amejifunza kwa askari waliopita njiani, akapiga kelele kwa Kilingala, "Yaka awa! Yaka awa!" Yaani anawaita waje. Mama mkwe alimtupia shuka na kumwambia anyamaze, asituletee wageni ambao hatuna chakula chao.

Nikajifunza, jioni baada ya jioni. Kufunika nilijifunza, na kibatari kuweka chini. Nilijifunza kuwaimbia lile bembelezo ambalo mama yangu aliniimbia Beni, polepole, mpaka kasuku anafumba jicho moja. Mama mkwe alinisikiliza kutoka kwenye mkeka wake. "Unabembeleza bindege," alisema. "Ni bizuri. Utazoea mukono, mutoto akikuya." Hilo kwake lilikuwa neno tamu, nami nililipokea hivyo.

Kisha waasi wakaingia mjini, na amri ikatoka: taa isionekane nje. Nyumba iliyoonyesha mwanga ilihesabiwa inawapa ishara maadui. Nikapigilia mablanketi kwenye madirisha mawili ya sebuleni, nikaziba na nyufa kwa matambara. Nyumba yetu ilikuwa ya kisasa, saruji na mabati na vioo, fahari ya mume wangu. Mvua ikaanza. Bila balbu, sebule ile ilikuwa baridi kama kisima. Vindege vya kijani vikajikunja, vikavimbisha manyoya, vikaacha kula. Mimi nilikuwa nachota maji kabla ya jua, natafuta mihogo hadi mashambani, nabishana na vijana wenye bunduki mlangoni, na jioni nakesha na ndege. Bandu bandu huisha gogo. Nilichoka hadi mifupa.

Mama mkwe ndiye aliyesema, "Bile bindege biko nakufa na baridi. Na miye pia. Leta moto mu nyumba."

Kwao, milimani Lubero, moto hulala ndani. Mafiga yako katikati ya nyumba, kuni zinachochewa usiku kucha, wazee na watoto na kuku wanalala kuuzunguka, na moshi unajitafutia njia kwenye nyasi za paa. Alikuwa amezaliwa kando ya moto huo. Kwetu Beni tunapika nje, nikamwambia moshi wa kuni utawaua ndege.

"Mutoto ya Beni, unajua nini ya baridi? Nyumba bila moto ni kaburi."

Basi nikatafuta njia ya katikati, na nilijiona mwerevu. Nikaacha kuni, nikachukua makala, yaani makaa. Makala hayana moshi. Nikayawasha nje kwenye mbabula, jiko letu la makaa, mpaka yakawa mekundu safi, nikaingiza mbabula sebuleni, nikaiweka katikati ya tundu la vidogo na mkeka wa mama mkwe. Kasuku nilimweka chini karibu na mlango, kwa sababu mwanga wa makala ulimfanya aongee. Mama mkwe alinyoosha miguu kwenye joto, akavua rozari akaishika mkononi. "Leo umefanya kazi," akaniambia. Nilitoka nikafunga mlango, joto lisipotee.

Nilikuwa jikoni nyuma, nasugua sufuria, kisha nikasali isha huko huko kwa uchovu. Mara ya kwanza kwa wiki nyingi sikusikia bawa. Hakuna aliyejirusha, hakuna aliyeita askari. Nilikaa kwenye kigoda nikashukuru Mungu: wametulia. Nilifurahia ukimya ule kama mtu anayekunywa chai. Nilikaa muda mrefu, kwa hiari yangu, sikutaka kuuharibu.

Nilipoingia kuchukua shuka, kichwa kilinigonga mara moja, kama mtu ameniwekea jiwe kwenye paji. Kwa mwanga wa makala nikaona vidogo vyote vinne chini ya tundu, migongo chini. Mama mkwe alikuwa anakoroma, koromo zito, la kukwama. Nikasema moyoni, heri yeye anayelala. Kasuku alikuwa ameangukia ubavu, mdomo umenasa kwenye waya, kifua kikipanda na kushuka haraka haraka.

Nilibeba tundu la kasuku.

Nilitoka naye uani kwenye manyunyu, nikampepea kwa kitenge, nikampulizia puani, nikamwimbia. Nilitapika, nami nikadhani ni hofu. Nilimwambia, tafadhali, wewe mmoja tu, nitamwambia nini. Akafumbua jicho. Akashika kijiti kwa kucha moja, halafu ya pili. Nikalia kwa furaha, nikaubusu waya. Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Nimejaribu kupima miaka yote hii, kwa bembelezo nililoimba, na nalifikisha mara tatu, pengine mara nne.

Kisha nikajiuliza mbona koromo silisikii tena, na mlango niliuacha wazi.

Nilirarua mablanketi, nikavunja kioo kwa sufuria. Nilimburuta kwa makwapa, mwanamke mwepesi yule, nikamlaza uani pale pale kando ya tundu. Nilimpepea kwa kitenge kile kile. Nilimwita mama, neno ambalo nilikuwa namnyima. Rozari ilikuwa bado imezungushwa kwenye vidole vyake. Waasi wa doria waliona mwanga dirishani wakaja kwa hasira, wakamkuta, wakavua kofia, wakaondoka.

Majirani walisema ni baridi na uzee. Katekista alisema Mungu amempumzisha. Hakuna aliyeuliza kuhusu mbabula; nyumba zote zilikuwa na moto, na moto haujawahi kuua mtu kwao. Mimi nilijua ni makala yangu. Kichwa changu kiliuma siku mbili, na nilipokaa nje kilipoa, na hesabu hiyo haihitaji shule. Niliwaambia majirani ndiyo, baridi.

Mume wangu alirudi barabara ilipofunguliwa, baada ya miezi mingi ng'ambo ya mpaka, amekonda, ndevu zimemjaa. Habari ya mama yake alikuwa ameshaipata njiani. Alikaa na watu waliokuja kumpa pole, kisha akainuka akaenda kwenye tundu. Kasuku alimjua. Alimpanda mkono hadi begani, akamng'ata sikio, na mume wangu akalia mbele ya wote.

"Ulinitunzia ule," aliniambia. "Bile bingine, baridi njo ilibeba, sawa na mama. Weye hapana na kosa."

Watu walipoondoka alikaa chini karibu yangu. Aliniuliza kama mama yake aliteseka. Nikamwambia hapana. Nikamwambia niliingia nikamkuta anakoroma, sikutaka kumwamsha. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru na kwa hilo.