Ukuta wa Kinondoni na Kifundo cha Sefu

Nilipoanza kazi kiwandani nilivaa sare nyeupe niliyoipiga pasi mara mbili, nikidhani nitawahudumia wafumaji waliokatwa vidole na mitambo. Hata sijakaa, Mganga Mfawidhi wa zahanati akanisukumia begi la ngozi lililokatika mkanda. "Nesi Mwajuma, hili la timu. Mwenzio kahamia Morogoro. Jumamosi mna mechi." Mie mpira sikuupenda, na mpaka leo siupendi. Nyie wajukuu mnaogombana usiku kucha kwa ajili ya timu za Ulaya mnanichosha tu.

Viwanda vilikuwa vimetaifishwa, na kila shirika la umma lilitaka timu yake. Yetu ilikuwa ya daraja la pili. Temeke nzima walituita Marobota, kwa sababu wachezaji wengi waliandikishwa idara ya kufunga marobota ya vitambaa. Nasema waliandikishwa. Mtu aliajiriwa kwa miguu yake, akapewa chumba kwenye kota za kiwanda, asubuhi akafunga marobota mawili matatu, saa nane akaenda mazoezini.

Kazi yangu ilikuwa lile begi: iodini, pamba, na bandeji za kuvutika ambazo nilikuwa nazifua na kuzianika kama nepi, maana mpya hazikuonekana mjini. Barafu niliiomba kantini nikaifunga kwenye kanga. Kocha, ambaye sote tulimwita Mwalimu, ndiye aliyenifundisha kubonyeza kifundo kwa kidole gumba. Mtu akilia ukibonyeza mfupa, mpeleke hospitali. Akilia ukibonyeza nyama ya pembeni, kateguka, mfunge bandeji. Chuoni hatukufundishwa hivyo, lakini sikumbuki kama kidole hicho kilinidanganya hata mara moja.

Sefu alikuwa winga wetu wa kulia, kijana wa Lindi, mpole, mbio zake balaa. "Dada nesi," alinichokozaga, "wewe mpira huujui, lakini begi unalibeba kama kapteni." Wiki ya mechi ya mwisho, ile ya kupanda daraja, aliteguka mazoezini. Nikamwekea barafu siku tatu. Siku ya nne Afisa Utumishi akaja zahanati mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa mfumaji aliyepoteza mkono.

"Anacheza, hachezi?"

"Kukimbia anaweza, ndugu. Lakini asiruke kutoka juu. Akitua vibaya kitavunjika."

"Basi anacheza," akasema, akatoka. Sefu mwenyewe hakuwepo kusikia, na mie sikumwambia. Niliona mpira si sarakasi, ataruka kutoka wapi?

Mechi ilikuwa Kinondoni. Sasa hapa mtacheka. Kila timu ilikuwa na kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe si wa mpira, ni wa mganga wa kienyeji. Tulipofika, mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja fundi wa mitambo, akatangaza kwamba geti limechezewa. Hakuna mtu kupita getini, wote wapande ukuta wa nyuma. Ukuta wa matofali, umenizidi kimo. Wachezaji wakaanza kuparamia mmoja mmoja. Zamu ya Sefu ilipofika, akapanda, akakaa juu, akageuka kuniangalia.

Ningeweza kusema ashuke apite getini. Lakini niliwaza, tukifungwa, watasema ni yule mwanamke aliyemzuia mtu ukutani. Kamati ingenila mzimamzima, na kazi nilikuwa naihitaji. Mwenyekiti akanikazia macho. "Nesi, vipi?"

"Ruka tu, Sefu," nikasema. "Nimekufunga vizuri."

Akaruka. Mfupa niliusikia nikiwa upande huu wa ukuta.

Jamani, nililia. Tulimbeba kwenye ubao wa benchi mpaka kwenye gari la kiwanda. Huko ndani wenzake wakashinda moja bila, tukapanda daraja, na kamati wakatamba kwamba ukuta umefanya kazi yake.

Jumatatu Afisa Utumishi akaniita. "Ripoti yako iseme aliumia nje ya kazi."

"Lakini tulimpeleka sie, ndugu."

"Kwani marobota yanafungwa juu ya ukuta?"

Nikaandika. Sahihi ni yangu. Hata mfupa haujaunga, chumba chake cha kota kikapewa winga mwingine, na mkewe akajifungulia kwa dada yake Mbagala.

Daraja la kwanza tulikaa msimu mmoja tukashuka. Kisha kiwanda kikakosa vipuri, timu ikafa, hata jezi zikageuzwa matambara ya kufutia mashine. Mie nikahamishiwa kliniki ya mama na mtoto, nikapita chini ya waganga wafawidhi sita, wa mwisho umri wa mwanangu. Nimejenga Madale, mlimani, na magoti hayautaki mlima. Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Siikumbuki kwa hamu. Nimechoka nayo tangu nikiwa naifanya.

Sefu yuko Tegeta, anachonga vinyago, anachechemea. Kila Idi hunitumia pilau, na anayeileta ni binti yule aliyezaliwa Mbagala. Jina lake Mwajuma. Baba yake alimpa jina langu, anasema, kwa sababu siku ile katika watu wote wa Marobota nesi peke yake ndiye aliyemlilia. Huwa anasimama mlangoni: "Shikamoo, wajina." Naitikia marahaba, napokea bakuli.

Idi iliyopita alikaa kidogo. "Wajina, wewe ulikuwepo. Eti baba alivunjikaje? Kila nikimuuliza anasema bahati mbaya."

Nilimwangalia. Ana macho ya baba yake, yale ya juu ya ukuta.

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia. "Ilikuwa bahati mbaya."