Barabara Tuliyoichimba Wenyewe

Karai langu lilipasua kioo cha lori, na sikuomba msamaha. Dereva alikuwa amerudisha lori nyuma mpaka ukingoni mwa kisima chetu cha mchangani. Ndani ya kisima alikuwemo mjane, jirani yangu, akiteka maji, na ukingo ukamporomokea hadi kifuani. Tulimvuta kwa leso mbili tulizozifunga pamoja. Mtoto wangu mgongoni hakulia hata kidogo, na hilo lilinitisha zaidi.

Mjane alitema mchanga, akanitazama. "Karani, hii barabara tuliichimba sisi."

Ni kweli. Na ruhusa niliiandika mimi.

Nilitoka Kitui na cheti cha kidato cha nne, nikaolewa huku Makueni, upande wa chini wa Sultan Hamud. Mto wetu ni mchanga mtupu, maji yako chini yake, na lazima ujue pa kuchimba. Wiki ya kwanza nilichimba peke yangu nikapata maji ya chumvi. Wanawake wakaangua kicheko. "Kwani Kitui mnakunywa bahari?"

Mjane peke yake ndiye aliyeniita kwenye kisima chake. Alikuja kutoka huko kati ya nchi, mbali na Ukambani, na marehemu mumewe, mfanyabiashara, na Kikamba chake mpaka leo kinachekesha watoto. "Njoo, mwanangu. Mimi nilichekwa miaka miwili." Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye mwethya, kikundi cha kulimiana kwa zamu. Walinichimbia matuta ya shamba lote kwa siku moja, wakiimba, wakanilia githeri yote ya mahindi na maharagwe sufuria ikabaki tupu. Tangu siku hiyo sikuwa mgeni. Kwa kuwa nilijua kuandika, nikawa karani wao.

Halafu naibu wa chifu akaja mkutanoni. Shule inahitaji darasa, darasa linahitaji mchanga, lori linahitaji njia ya kufika mtoni. Nani angekataa? Nikaandika kwenye daftari: "Wanachama wamekubali lori lichukue mchanga." Sikuandika safari ngapi. Sikuandika mpaka lini. Yeye akachukua nakala, sisi tukachukua majembe. Barabara ilikwisha kwa siku nne.

Darasa likajengwa. Lori likaendelea kuja. Yakawa mawili, kisha matatu, yote yakielekea barabara ya Mombasa kuuza mchanga. Maji tuliyokuwa tukiyapata kwenye shimo la kufika magotini yakashuka hadi la kiunoni, kisha yakapita kimo cha mtu. Mizizi ya miti ya ukingoni ikabaki ikining'inia hewani. Kila asubuhi tuliingia kisimani tukisikiliza injini kwanza.

Nilikwenda kwa naibu wa chifu mara mbili. Mara ya pili alifungua faili, akanisogezea karatasi.

"Huu ni mwandiko wa nani, mama?"

"Wangu."

"Basi unamlilia nani? Kama maji hayakutoshi, Kitui si mbali."

Siku ya karai, dereva aliapa kunipeleka polisi.

"Nenda," nikamwambia. "Nami nakwenda tarafani kwa D.O., mkubwa wa naibu wa chifu. Tutaona nani atafika kwanza."

"Watakufunga," mwenzangu mmoja akaninong'oneza.

Mjane, akiwa bado na mchanga masikioni, akasema, "Basi watafute seli kubwa. Tuko ishirini na mmoja, na wengine tunakoroma."

Hakuna aliyecheka sana. Tuliketi palepale mtoni, nikaandika barua yenye tarehe ya kesho yake, nikawasomea kwa Kikamba, kila mmoja akatia dole gumba. Kesho yake niliiweka mezani kwa D.O. kwa mkono wangu mwenyewe:

"YAH: MALORI YA MCHANGA. Sisi wa mwethya tulikubali mchanga wa darasa moja. Darasa limekwisha, malori hayajakwisha. Karani hakuandika kikomo. Kosa hilo ni langu mimi ninayetia sahihi. Tulimweleza naibu wa chifu mara mbili, akatufukuza. Jana mwenzetu alifukiwa hadi kifuani akiteka maji ya kunywa. Kioo cha lori nimekivunja mimi, sikatai. Tunaomba malori yazuiwe kabla hatujazika mtu. Barabara ile tuliichimba kwa mikono yetu. Kuanzia kesho asubuhi tunaikata mitaro malori yasipite, kwa mikono hiyohiyo, na ofisi yako inakaribishwa kuja kutazama."